Jinsi ya kuwa msomi wa falsafa ya Wagiriki wa kale, kuanzia alfabeti hadi ajira ya chuo kikuu

Msimamizi wa tasnifu, mhariri wa jarida na kamati ya ajira, wote wana swali moja la kwanza kwa anayetaka kuishi kwa kazi hii: unasoma Kigiriki? Hawaulizi kama uliwahi kukipitia darasani. Wanataka kujua kama unaweza kufungua ukurasa wa Plato au Aristotle, ukafuata hoja katika lugha yake, kisha ukaeleza kwa nini tafsiri mbili za Kiingereza zinapishana mahali fulani. Shahada, makala na barua za mapendekezo vimesimama juu ya uwezo huo. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye lugha na usomaji, na unapita haraka kwenye yale ambayo tovuti ya chuo chochote itakueleza.

Kigiriki kabla ya yote

Unachohitaji ni Kigiriki cha Attika, yaani cha Athens ya karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo. Herufi ni 24, na juma moja linatosha kuzishika pamoja na alama za pumzi na za mkazo. Wanafunzi wengi huruka alama za mkazo wakidhani ni mapambo, halafu hukwama mbele: *tis* yenye mkazo huuliza "nani", na isiyo na mkazo humaanisha "mtu fulani". Katika Aristotle, tofauti hiyo peke yake inaweza kugeuza sentensi ya kueleza kuwa swali.

Mzungumzaji wa Kiswahili hashtushwi na kitenzi kinachobeba nafsi, wakati na hali kwa pamoja. Kinachomsumbua ni nomino zinazobadili miisho kulingana na kazi yake katika sentensi, kwa sababu mpangilio wa maneno haumsaidii kujua nani ametenda na nani ametendwa. Jaza jedwali za nomino kwa mkono, kwa sauti, kila siku kwa miezi miwili ya mwanzo. Vitenzi visivyo vya kawaida vikaririwe na mashina yake sita ya msingi tangu siku unayokutana navyo. Ukijifunza shina la wakati uliopo peke yake, utavitafuta vitenzi hivyohivyo kwenye kamusi kwa miaka.

Kitabu cha kiada chagua kimoja na ukimalize. *Athenaze* hufundisha kwa hadithi inayoendelea na kinamfaa anayejisomea. Kile cha Hansen na Quinn ni kizito zaidi kwa sarufi na kinamfaa mwenye mwalimu. Kuruka kutoka kitabu hadi kitabu ndiko kunakowapotezea watu mwaka mzima, maana kila kimoja kina mpangilio wake na kila mara unaanza tena sura ya kwanza. Saa moja kila siku inazaa kuliko saa saba za Jumamosi. Kwa mwendo huo kitabu huisha ndani ya miezi 9 hadi 12. Sambamba nacho, shika orodha ya maneno yanayotokea mara nyingi zaidi. Chuo cha Dickinson cha Marekani kimeweka orodha ya maneno takriban 500 mtandaoni, bure.

Aliyesoma Kigiriki cha Agano Jipya katika seminari au chuo cha theolojia, na Afrika Mashariki huko ndiko wengi walikokutana na lugha hii, ana mtaji mzuri. Alfabeti, sarufi ya msingi na mamia ya maneno anayo tayari. Pengo lake liko kwenye hali ya kitenzi iitwayo optativu, ambayo ni nadra katika Agano Jipya lakini imejaa katika Plato, na kwenye vijineno vidogo vinavyounganisha hoja. Apewe miezi mitatu au minne ya kuziba pengo hilo, kisha aingie kwenye maandishi moja kwa moja.

Asiye na mwalimu karibu anaweza kutumia kozi za kiangazi. Berkeley na Chuo Kikuu cha Jiji la New York vimetoa kwa miaka mingi kozi kali za takriban majuma 10, na Cork nchini Ireland imekuwa na ya majuma 8. Usiende huko ukidhani utapata muda wa kazi nyingine. Saa za darasa na za kujisomea humeza siku nzima.

Baada ya kitabu cha kiada, ingia kwa Plato: soma *Utetezi wa Socrates*, kisha *Crito* na *Euthyphro*. Mwanzoni mistari 10 kwa saa ni mwendo wa kawaida kabisa, usikate tamaa. Lengo, kabla ya kuomba uzamivu, ni ukurasa mmoja wa Plato kwa saa moja au mbili bila tafsiri pembeni. Aristotle aje baadaye. Sentensi zake ni fupi na sarufi yake nyepesi, lakini anaacha maneno mengi yajazwe na msomaji, na anayeanza hujaza vibaya.

Vitabu vya Loeb, vile vyenye jalada la kijani kwa Kigiriki, vina Kiingereza ukurasa wa pili. Funika ukurasa huo kwa karatasi mpaka umeandika tafsiri yako. Tovuti ya Perseus, inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Tufts, inakuruhusu kubofya kila neno ukaambiwa umbo lake; ni msaada mkubwa na pia mtego, kwa sababu mashine hukisia pale umbo moja linapoweza kuwa mawili, na kumbukumbu yako haifanyi kazi yoyote. Bofya baada ya kukisia mwenyewe, kamwe si kabla. Kamusi kubwa ya Liddell, Scott na Jones ipo bure kwenye Logeion ya Chicago.

Kusoma namba za pembeni

Wasomi hawataji kurasa za tafsiri. Plato hutajwa kwa kurasa za toleo la Henri Estienne, aitwaye Stephanus kwa Kilatini, lililochapishwa mwaka 1578 kwa majuzuu matatu: *Jamhuri* 514a ni ukurasa wa 514, sehemu ya a, pale mfano wa pango unapoanza. Aristotle hutajwa kwa toleo la Bekker la Berlin la mwaka 1831: 1098a16 ni ukurasa wa 1098, safu ya kushoto, mstari wa 16. Waliotangulia Socrates hutajwa kwa mkusanyo wa Diels, uliotoka kwanza mwaka 1903 na kuendelezwa na Kranz. Humo Heraclitus ni namba 22. Herufi A ni habari za watu wengine juu yake, B ni maneno yanayohesabiwa kuwa yake mwenyewe. Kuchanganya A na B ni kosa zito, maana unakuwa umemtwisha mwanafalsafa maneno ya mtu aliyeishi karne nyingi baada yake.

Chini ya ukurasa wa toleo la kitaalamu, kama yale ya Oxford au Teubner, kuna mistari midogo yenye herufi na vifupisho. Hiyo ni kumbukumbu ya mahali ambapo nakala za mkono zinatofautiana. Hatuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa na mkono wa Plato; nakala muhimu ya sehemu kubwa ya kazi zake, iliyopo maktaba ya Bodleian, ilinakiliwa mwaka 895. Kila herufi kubwa pale chini ni nakala, na ufunguo wake upo mwanzoni mwa kitabu. Jizoeze kuisoma mapema. Hoja nzima ya tasnifu inaweza kuporomoka kwa sababu neno ulilolitegemea lilipendekezwa na mhariri wa karne ya 19 wala halimo katika nakala yoyote.

Kazi yenyewe inavyofanywa: mfano mmoja

Chukua *Parmenides* 132a–b, katika mazungumzo ya Plato yenye jina la mwanafalsafa huyo. Ni mistari michache. Parmenides anamwambia kijana Socrates: unaamini kila Umbo, yaani kile kinachofanya vitu vingi viitwe kwa jina moja, ni moja kwa sababu unapotazama vitu vingi vikubwa, unaona sura moja inayovienea vyote. Socrates anakubali. Haya, sasa utazame Ukubwa wenyewe pamoja na vile vitu vikubwa. Je, hautatokea ukubwa mwingine, ambao kwa huo vyote hivi vinaonekana vikubwa? Anakubali tena. Basi juu ya huo utatokea mwingine, na mwingine, na kila Umbo lako halitakuwa moja tena, bali idadi isiyo na mwisho.

Hatua ya kwanza ni kunakili mistari hiyo kwa mkono na kuitafsiri bila kuangalia ya mtu. Ya pili, zungushia duara kila kijineno cha hoja. *Gar* hutanguliza sababu, *oun* na *ara* huvuta hitimisho. Anayevipuuza hajui sentensi ipi ni sababu na ipi ni matokeo, na Kiingereza kizuri mara nyingi huvimeza. Ya tatu, andika madai kwa namba, kila moja kwa sentensi yake. Ya nne, ambayo ndiyo kazi hasa: uliza kama hitimisho linatoka kweli katika madai hayo.

Hapa halitoki. Ili ukubwa wa pili utokee, lazima kwanza Ukubwa wenyewe uwe kitu kikubwa. La sivyo hauwezi kuhesabiwa pamoja na vile vingine. Lazima pia kitu kikubwa kisiwe kikubwa kwa Umbo ambalo ndilo chenyewe; la sivyo Ukubwa wa kwanza ungetosha. Plato hakuandika lolote kati ya madai hayo mawili. Msomi Gregory Vlastos aliyatoa hadharani katika makala ya mwaka 1954, akaonyesha kwamba jinsi alivyoyaandika yanapingana: la kwanza linasema Ukubwa ni mkubwa, la pili linasema chochote kilicho kikubwa si Ukubwa, kwa hiyo Ukubwa si Ukubwa. Sellars na Geach wakamjibu, Cohen akarudi kwenye hoja hiyohiyo mwaka 1971 na njia ya kuepuka mgongano huo, na mjadala unaendelea. Yote hayo yametoka kwenye nusu ukurasa.

Hatua ya tano, na isiwe ya kwanza, ni kusoma waliokutangulia. Ukianza na makala za watu utaona katika maandishi yale tu waliyoyaona wao. Andika kurasa mbili za maoni yako, ndipo ufungue majarida.

Mlango wa falsafa au mlango wa fasihi ya kale

Fani hii ina nyumba mbili. Katika Cambridge inakaa hasa kwenye kitivo cha lugha na ustaarabu wa kale, ambako kiti cha uprofesa cha Laurence kimekuwepo tangu mwaka 1930. Kwingine inakaa kwenye idara ya falsafa. Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Toronto na Princeton vina programu zinazounganisha nyumba hizo mbili. Munich ina shule yake ya falsafa ya kale. Leuven nchini Ubelgiji ina kituo cha De Wulf-Mansion, chenye nguvu kwa falsafa ya kale na ya zama za kati, na uzamili wa falsafa unatolewa pia kwa Kiingereza. Oxford ina uzamili wa miaka miwili uitwao BPhil, wenye insha sita na tasnifu ya maneno yasiyozidi 30,000.

Uchaguzi wa mlango unaamua utafundisha nini baadaye. Idara ya falsafa itakutaka uweze kusimamia pia mantiki au maadili ya kisasa. Idara ya lugha za kale itakutaka ufundishe Kigiriki ngazi zote, na Kilatini juu yake. Watu hufika mwaka wa nne wa uzamivu bila Kilatini, ndipo wanagundua kuwa nusu ya matangazo ya kazi hayawahusu. Ukiweza, anza Kilatini mara tu Kigiriki kinaposimama; waliopitia seminari ndogo huwa wanacho tayari na mara nyingi husahau kukitaja kwenye maombi.

Zaidi ya hapo, utahitaji kusoma Kijerumani na Kifaransa, na Kiitaliano kinasaidia. Kusoma tu, si kuzungumza: saa tano kwa juma kwa mwaka mmoja, na kamusi mkononi, zinakufikisha. Msomaji wa Kiswahili kutoka Kongo, Burundi au Rwanda aliyesoma kwa Kifaransa amevuka mmoja wa mizigo hiyo, na Paris na Louvain-la-Neuve, chuo cha Ubelgiji kinachofundisha kwa Kifaransa, ziko wazi kwake kwa urahisi zaidi.

Kiarabu ni hazina isiyotajwa vya kutosha. Baghdad ya karne ya 9 na ya 10 ilitafsiri sehemu kubwa ya Aristotle, na tafsiri hizo mara nyingine zilifanywa kutoka nakala za kale kuliko tulizo nazo za Kigiriki. *Ushairi* wa Aristotle una tafsiri ya Kiarabu ya Abu Bishr Matta, iliyopitia Kisiria, na wahariri wa kisasa huitumia kurekebisha maandishi. Kijana wa Zanzibar, Mombasa au Muscat mwenye Kiarabu fasaha, akikiongezea Kigiriki, anaingia katika eneo ambalo wenye lugha zote mbili ni wachache mno na kazi iliyobaki ni nyingi.

Maombi ya uzamivu

Marekani, tarehe za mwisho huwa kati ya Desemba na mapema Januari, na waliopata ufadhili kwa kawaida hutakiwa kujibu kufikia tarehe 15 Aprili. Programu nzuri huko hulipa ada na posho kwa miaka mitano au zaidi. Usikubali nafasi isiyo na ufadhili hata jina la chuo likivutia namna gani. Uingereza uzamivu ni wa miaka mitatu hadi minne, na fedha hutoka kwenye mifuko kama Clarendon ya Oxford au Gates ya Cambridge.

Kinachosomwa kwa makini kuliko vyote ni sampuli ya maandishi, kurasa 15 hadi 25. Iwe juu ya kifungu kimoja. Insha ya "Plato na haki katika jamii ya leo" itawekwa kando; insha inayoonyesha kuwa hoja ya kifungu fulani imekosa dai moja, na kulitafuta, itasomwa hadi mwisho. Nukuu Kigiriki kwa herufi zake, na tafsiri iwe yako. Kama chuo chako hakifundishi Kigiriki, liseme hilo wazi kwenye barua, orodhesha ulichosoma mwenyewe, na umwombe aliyekufundisha, awe padri au mwalimu wa mtandaoni, aandike barua ya mapendekezo inayotaja maandishi mliyoyasoma pamoja. Barua inayosema "ni mwanafunzi mwenye bidii" haisaidii kitu. Ile inayosema "tumesoma *Crito* yote kwa Kigiriki" inafungua mlango.

Mwandikie msimamizi unayemtaka miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho. Aya mbili zinatosha: swali lako, kifungu linakotoka, na makala moja ya msimamizi huyo uliyoisoma. Usiambatishe kurasa 40.

Tasnifu na makala

Mada zinazoua tasnifu ni zile pana. "Hekima ya utendaji katika Aristotle" ni maisha ya mtu mzima. Anza na *Maadili ya Nikomako* 1144a7–9, pale Aristotle anaposema wema wa tabia huliweka sawa lengo na hekima huyaweka sawa yanayoelekea kwenye lengo, halafu uliza kama hilo linaiachia akili kazi yoyote ya kuchagua lengo. Swali dogo litakua lenyewe, kubwa halipungui. Tenga miezi sita ya kwanza kutafsiri na kuchambua vifungu vyako tu, bila kuandika sura. Cambridge huweka kikomo cha maneno 80,000 kwa tasnifu ya fani hii, na wengi hushangaa jinsi yanavyojaa haraka.

Kabla ya kumaliza, uwe na makala moja iliyokubaliwa. Majarida yanayohesabika ni pamoja na *Phronesis*, *Apeiron*, *Ancient Philosophy* na *Oxford Studies in Ancient Philosophy*, ambalo hupokea makala ndefu. Ondoa jina lako kwenye faili, hata pale unapojitaja kwenye tanbihi. Majibu huchukua miezi kadhaa. Ukiambiwa urekebishe na kutuma tena, jibu kila hoja ya wahakiki kwenye waraka wa pembeni, ukitaja ukurasa ulikobadilisha. Pale usipokubaliana nao, toa sababu kwa upole na uendelee. Kosa linalorudisha makala nyingi ni kumpuuza aliyeandika juu ya kifungu hichohicho kwa Kijerumani au Kiitaliano.

Kutafuta kazi

Matangazo mengi ya Marekani hutoka kati ya Agosti na Novemba. Andaa wasifu, barua, sampuli ya kurasa zisizozidi 30, maelezo ya ufundishaji na mapendekezo matatu. Ukiitwa chuoni, hotuba ni dakika 45 hadi 50 kisha maswali. Gawa karatasi yenye vifungu vyako kwa Kigiriki na tafsiri, kwa kuwa nusu ya wasikilizaji hawakisomi na nusu nyingine watakukagua kwa mstari.

Nafasi za kudumu ni chache kuliko wenye shahada. Wengi hupitia kwanza ufadhili wa utafiti wa muda maalumu, kama ule wa vyuo vya Oxford na Cambridge au wa mfuko wa Humboldt wa Ujerumani. Anayepata nafasi ya kuelekea ajira ya kudumu Marekani hupimwa takriban mwaka wa sita, na kitabu kilichokubaliwa na mchapishaji wa chuo kikuu au rundo la makala nzuri ndivyo vinavyoamua. Mwendo wa polepole si dalili ya kushindwa: Vlastos alipata uzamivu Harvard mwaka 1931, akafundisha Kanada miaka mingi, na makala ile ya *Parmenides* ilitoka akiwa anakaribia miaka 47.

Anayerudi kufundisha Nairobi, Dar es Salaam au Kampala huenda akawa peke yake mwenye Kigiriki katika idara, akiwa na somo moja la kwenda kutoka Thales, wa karne ya 6 kabla ya Kristo, hadi Plotinus, wa karne ya 3 baada ya Kristo, ndani ya muhula. Akizama humo tu, lugha itamtoka ndani ya miaka mitatu. Dawa ni kikundi cha kusoma, saa mbili kila juma, hata kikiwa na watu wawili na wa tatu yuko kwenye simu kutoka Leuven. Safu ya Bekker ina mistari kati ya 35 na 40. Kikundi kinachofika nusu safu kwa kikao kinakwenda vizuri, na kitabu cha kwanza cha *Maadili ya Nikomako* kitakichukua karibu mwaka.